Fremu za zamani tunazitupa za nini?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu hii mizinga ya nyuki ya kisasa, maana kila mwaka tunasikia kikundi flani kimekabidhiwa mizinga, watu wanapiga picha, mgeni rasmi anaongea, alafu ukipita palepale misimu miwili baadae unakuta mizinga ileile iko tupu, mfuniko umeanguka pembeni, ndani utando mtupu, na wenyewe wanakwambia nyuki wamehama, mizinga imeharibika, tunasubiri mradi utuletee mingine. Mingine ya nini? Mbao nzima, fremu nzima (yani zile mbao za pembe nne ambazo nyuki wanajengea sega ndani yake), hata waya bado upo, kilichoharibika ni masega tu, na masega yanayeyushwa, fremu inakwanguliwa, inarudi kazini. Hiyo kazi ndo hakuna mtu anaifundisha.

Mimi nafuga nyuki huku Manyoni mkoani Singida na ninayoandika hapa ni kazi ambayo mimi na wenzangu wa kikundi tunaifanya kila msimu. Kuna mradi mmoja ulitugawia mizinga ya fremu, mizinga mizuri sikatai, tukapewa na ovaroli na bomba la moshi na mafunzo ya siku chache jinsi ya kutundika na jinsi ya kurina. Mashine ya kukamulia asali haikuwepo. Na habari ya sega likishatoka asali unalifanya nini haikuguswa kabisa, yani ni kama sega ni ganda la ndizi, umemaliza umetupa.

Sasa ngoja niseme kwanini hilo linaniuma. Mzinga wa fremu ulitengenezwa ili sega lisivunjwe. Yule mchungaji wa kanisa wa Marekani, Langstroth, aliyeuandikisha kama uvumbuzi wake mwaka 1852, alichokigundua ni kwamba ukiacha nafasi ya kama milimita 6 mpaka 9 kati ya kitu na kitu nyuki hawaijengi wala hawaizibi kwa gundi, wanaiacha kama njia yao, ndo maana fremu inachomoka bila kukata chochote. Baadae mwaka 1865 akaja mfugaji nyuki mwingine, Hruschka, na mashine ya kuzungusha masega asali ikaruka nje sega likabaki zima. Hivyo vitu viwili vinakwenda pamoja. Ukimpa mtu mzinga wa fremu bila mashine, atakata sega lote kwa kisu, atakamua kwa mikono kwenye ndoo, machicha atamwaga, na hapo mzinga wake wa hela nyingi unakuwa hauna tofauti na gogo la babu, tena gogo la babu lilikuwa bure.

Na nyuki ndo wanaolipa hiyo gharama. Watu wanaopima mambo haya wanakadiria nyuki wanakula kilo 6 mpaka 8 za asali kutengeneza kilo moja ya nta. Masega kumi makubwa ya boksi moja yana nta kama kilo moja hivi. Kwahiyo ukiyakata yote ukatupa, msimu unaofata nyuki wako wanaanza na deni la ndoo ndogo ya asali kabla hawajakuwekea wewe hata kijiko, na kama mvua zimegoma na maua ni machache hawajengi, wanaondoka zao. Alafu tunalalamika nyuki wa siku hizi hawakai.

Turudi kwenye huo mzinga tupu wenye utando. Wengi huku wanaamini nondo, yule mdudu kama kipepeo anayetaga kwenye masega, ndo kafukuza nyuki. Mara nyingi siyo hivyo. Kundi likiwa na nguvu nyuki wanamtoa nondo wenyewe, wanamburuza nje, ukisimama mlangoni asubuhi unamuona funza mweupe anaburuzwa kwenye ubao wa kutulia. Nondo anashinda pale ambapo kundi limeshadhoofika, njaa, ukame, hakuna maji karibu, siafu wamepita, au mtu amerina akakomba mpaka sega la mwisho. Nyuki wakihama au wakibaki kiganja kimoja nondo anataga kwenye nyufa, na kwa joto la huku kwetu ndani ya wiki chache tu sega zima limekuwa unga na uzi. Ukifungua boksi la namna hiyo unakuta vijishimo vimetobolewa kutoka chumba hadi chumba, utando mweupe umeshikanisha fremu zote mpaka huwezi kuchomoa moja, vinyesi vyeusi kama mbegu za mchicha vimejaa chini, na ukikwangua utando kwenye mbao unaona yule funza amechimba kishimo chenye umbo la mtumbwi ndani ya ubao wenyewe, hapo ndo analala mpaka ageuke nondo. Watu wakiona hivyo wanakata tamaa. Lakini ule mtumbwi hauna shida yoyote, ubao bado unabeba sega, nyuki wataujaza gundi yao.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, huyu funza nta tupu haimtoshi. Anachotafuta ni mabaki ya majana (majana ndo watoto wa nyuki), yale magamba wanayoyaacha kwenye vyumba, na chavua. Ndo maana sega jeupe ambalo limebeba asali peke yake hashughuliki nalo sana, anakimbilia lile jeusi la chumba cha majana. Ukilijua hilo nusu ya kazi imekwisha maana unajua sega la kutunza ni lipi na la kuyeyusha ni lipi. Sisi tunalinyanyua sega juu tukiangalia jua, kama mwanga unapita na rangi ni ya njano au kahawia nyepesi linabaki, kama ni jeusi tii na mwanga haupiti hilo limezeeka, kila mtoto aliyezaliwa humo ameacha gamba lake ukutani, vyumba vimekuwa vidogo na nyuki wanaotoka humo nao wanakuwa wadogo. Wataalamu wengi wanashauri sega la majana lisizidi miaka mitatu minne hivi, kwahiyo kila mwaka toa yale mabovu zaidi, kama theluthi hivi, usitoe yote kwa mpigo.

Masega meupe tukishakamua (tulijichanga tukanunua mashine moja ya mkono, vikundi vitatu tunaitumia kwa zamu) tunayarudisha kwa nyuki jioni hiyohiyo yakiwa na ulowevu wa asali, wao wenyewe wanayalamba mpaka yanakauka na kuyatengeneza yalipovunjika. Narudia, jioni, jua likishazama. Ukiyaacha nje mchana kweupe nyuki wa manzuki nzima, yani eneo lote la mizinga, wanakuja kuiba, wanapigana, wanakuwa wakali vibaya, na hapo punda wa jirani amefungwa chini ya mti au mtoto anatoka shule. Na kama kuna kundi lina ugonjwa umeshawagawia wote.

Hapa kwenye ugonjwa naomba tuwe makini sana. Kuna maradhi ya kuoza majana, lile baya zaidi ambalo mbegu zake zinakaa kwenye sega na kwenye mbao miaka zaidi ya thelathini, ukichemsha maji ya kawaida hazifi, ukiyeyusha nta hazifi. Afrika Kusini, jimbo la Western Cape, walilipata mwaka 2009 na likawasumbua kweli. Dalili yake vifuniko vya majana vinazama na kutoboka, harufu mbaya, ukichovya njiti ya kiberiti kwenye mtoto aliyekufa ukaivuta taratibu inatoka na uzi mrefu wa kahawia kama gundi. Ukiona hivyo usikwangue, usiyeyushe, usimpe mtu. Mwite afisa nyuki wa wilaya haraka, na masega na fremu hizo ni za kuchomwa kwenye shimo usiku nyuki wakiwa wametulia, alafu shimo lifukiwe. Na ndo maana mimi napinga kabisa hii tabia imeanza ya kuuziana fremu kuukuu zenye masega kutoka mkoa hadi mkoa. Fremu ya kwako unaijua historia yake. Ya mtu usiyemjua hujui imebeba nini. Kama ni lazima ununue, nunua mbao tupu iliyokwanguliwa, na uibabue kwa moto kabla haijaingia kwenye manzuki yako.

Yale meusi ambayo hayana ugonjwa ni ya kuyeyusha, na hapa watu wanapoteza nta nyingi kwa kutokujua kitu kidogo tu. Sega jeusi ukilitia kwenye maji ya moto likiwa kavu, yale magamba ya majana yanainyonya nta yako yanaenda nayo kwenye machicha. Liloweke kwanza. Livunjevunje uloweke kwenye maji usiku kucha au siku nzima, magamba yashibe maji, ndo kesho yake unatia kwenye gunia safi, unafunga, unaweka jiwe juu lizame kwenye sufuria kubwa la maji, moto wa wastani. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 mpaka 64 tu kwahiyo hakuna haja ya maji kutokota, ukiikaanga sana inakuwa nyeusi na inapoteza harufu yake. Unaliminya gunia kwa vijiti viwili, unapindua, unaminya tena, alafu unatoa sufuria motoni, unalifunika na magunia mazito lipoe polepole mpaka asubuhi. Ukiinua unakuta kipande cha nta kimeelea juu, chini yake kuna uchafu wa kukwangua kwa kisu. Kwa sufuria tumia ya steni au alumini, ya chuma kitupu na ya shaba zinaibadilisha rangi. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chetu cha chumvi, yale ya chumvi yanaifanya nta kuwa kama sabuni ilioganda. Na tafadhali msiyeyushe nta peke yake juu ya moto bila maji, inawaka kama petroli na nyumba inakwenda.

Ila huku kwetu kanda ya kati sioni hata kwanini tunamaliza kuni. Jua la Manyoni na Dodoma kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja linatosha. Tunatengeneza boksi la mbao, ndani bati lililopakwa rangi nyeusi limelala mteremko, juu kioo, chini kabisa bakuli lenye maji kidogo. Unaweka masega saa tatu asubuhi, unafunika kioo, mchana nta inachuruzika yenyewe safi ya njano. Fundi seremala yeyote anaweza kulitengeneza siku moja. Kwa masega meusi sana jua linaacha nta nyingi kwenye machicha, hayo bado yanataka gunia, lakini kwa vipande vyeupe na vifuniko vya asali hakuna kitu kizuri kama hicho boksi.

Fremu zenyewe zinakwanguliwa asubuhi na mapema kukiwa na baridi. Siyo mchana. Asubuhi nta na gundi ya nyuki vinakuwa vikavu vinavunjika vyenyewe, mchana vinavutika na kunata kwenye kisu na utachukia kazi. Ule mfereji wa juu ambao karatasi ya nta (ile iliyochapwa vyumba nyuki wajengee juu yake) inakaa ndo wenye uchafu mwingi na mayai ya nondo, tunausafisha kwa msumari uliopondwa ncha. Gundi inayodondoka isikusanywe na takataka, kaiweke pembeni kwenye kopo, ina wanunuzi wake. Waya uliolegea ukazwe, uliokatika ubadilishwe.

Kama fremu ni chafu sana, tunachemsha kwenye maji yenye kosti soda ileile wanayotumia watengeneza sabuni, gramu 100 mpaka 150 kwa lita 10 za maji, dakika chache tu, alafu tunasuuza kwa maji mengi mara kadhaa na kuanika kivulini zisipinde. Sasa hapa nisikilizwe vizuri. Pipa liwe la chuma. Kosti soda na alumini haviwekwi pamoja kamwe, inatafuna sufuria na kutoa gesi inayolipuka. Soda ndo inaingia kwenye maji kidogokidogo, usimwage maji juu ya soda, itakurukia usoni. Glovu, miwani, mikono mirefu, watoto wawe mbali, na ndoo ya maji safi iwe pembeni ya kujimwagia ikikugusa. Kama huna vifaa hivyo acha, maji ya moto na sabuni na kukwangua vinatosha kwa fremu nyingi. Boksi la mzinga lenyewe halihitaji kuchemshwa, unalikwangua unalibabua ndani kwa moto wa majani makavu au wa gesi mpaka ubao ubadilike rangi kidogo kuwa kahawia, basi.

Kutunza masega mazuri mpaka msimu mwingine ndo watu wanaharibu kabisa. Wanayarundika stoo gizani, wanatupia naftalini zile za kabatini. Jamani naftalini ni sumu na nta inainyonya na haiiachii, mwakani nyuki wanaweka asali humohumo, asali inanuka kabati, na wanunuzi wa Ulaya wanapima mabaki ya kemikali, mzigo wa mtu mmoja unaweza kuchafua jina la kijiji kizima. Wengine wanapuliza dawa ya mbu, hiyo sina hata la kusema, ni kuua nyuki wako kwa mkono wako. Nondo anapenda giza na joto lisilo na upepo. Mnyime hivyo. Tundika masega kwenye banda lenye kivuli lakini wazi, mwanga unaingia na upepo unapita, yaachane kama vidole viwili, na kila wiki pita uyaangalie. Mwenye ndugu mjini mwenye friza la soda au la nyama anaweza kuyagandisha siku moja au mbili, mayai yote na funza wanakufa, ukitoa unafunga kwenye nailoni hapohapo. Lakini stoo bora kuliko zote ni kundi lenye nguvu, waachie nyuki wenyewe masega yao wayalinde, usipunguze mpaka pale wanapopungua wao.

Kwa wale wa mizinga ya viunzi, ile yenye vijiti vya juu tu ambavyo sega linaning'inia, huku na wenzetu wa Kitui na Baringo kule Kenya, najua nyie hamna fremu na mashine haiwasaidii, sega mnakata. Basi mkate mkiacha ukanda wa kidole kimoja juu kwenye kiunzi, nyuki wanaendelea palepale wakijenga wima bila kupindisha. Na wakati wa kukwangua angalieni kiunzi kisilike upana, nyuki wetu wanataka milimita 32, kikipungua masega yanaungana.

Kuna jambo la karatasi za nta pia. Zile zinazotoka nje nyingi zimechapwa vyumba vya nyuki wa Ulaya vya milimita 5.3 au 5.4, nyuki wetu wanajenga karibu 4.8. Wanalazimishwa kujenga nyumba isiyo saizi yao, wengine wanaitafuna wanaanza upya. Wakati nta yetu wenyewe, tunayoijua imetoka kwenye mzinga gani, tunaimwaga na machicha. Serikali imekuwa ikitaja miaka yote kwamba nchi hii ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka. Asali tunaizungumzia sana, hizo tani 9,200 nani anazizungumzia? Ukanda mwembamba wa nta yako mwenyewe, upana wa vidole viwili, ukigandishwa kwenye mfereji wa fremu kwa nta ya moto unatosha kabisa kuwaonyesha nyuki njia, sisi tunafanya hivyo na masega yanatoka yamenyooka.

Na usisahau mzinga uliosafishwa ukiuacha mkavu bila harufu makundi mapya yanachelewa kuingia. Sugua nta iliyoyeyuka kwenye kuta na mlangoni, weka sega moja kuukuu lililo safi lisilo na nondo ndani, moja tu, kundi likipita litanusa. Wazee wetu wa Tabora na Singida walifanya hivi kwenye magogo kabla ya mradi wowote.

Kwahiyo ombi langu kwa halmashauri, kwa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na kwa hao wafadhili ni hili, badala ya kutuletea mizinga mipya mia kwa kijiji, leteni sabini, hela ya ile thelathini nunueni mashine moja ya kukamulia na boksi mawili ya jua, na mumlipe afisa nyuki mafuta ya pikipiki aje mara mbili baada ya kurina, siyo kabla. Mizinga iliyokwishagawiwa miaka ya nyuma ihesabiwe iko wapi na iko hali gani, mingi naamini inasafishika. Na wewe Mhariri nakuomba ukurasa wa kilimo uligusie hili mwezi wa nne, kabla watu hawajaanza kurina, maana ikifika mwezi wa saba machicha yameshamwagwa.

Kikundi chetu kinafanya usafi wa fremu kila tunapomaliza kurina. Wa vijiji vya jirani anayetaka kujifunza aje na fremu zake chafu, kisu na glovu, hatutozi chochote.

Mfugaji nyuki,
Manyoni, Singida